Unga wa Nguvu na Uchovu wa Mama

Safu ya Afya ya Nyumba



Baada ya kumhimidi Mola wetu Mtukufu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake, wiki hii tunalielekea jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana katika maulidi, katika harusi na katika vikao vya kina mama baada ya alasiri. Nalo ni hizi chupa na vifuko vya unga wa mitishamba vinavyouzwa kwa jina la kuondoa uchovu na kuongeza nguvu. Vingine vina jina la jinsengi, vingine ashwagandha, vingine ni mchanganyiko wa miti saba au kumi na miwili isiyotajwa majina. Muuzaji huapa kwamba atakayekunywa kijiko kimoja asubuhi na kimoja usiku hatachoka tena.

Wanunuzi ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mama wa nyumbani aamkaye kabla ya alfajiri, akakanda unga wa mahamri, akavalisha watoto, akaenda kazini au sokoni, akarudi kupika, na hadi isha imeswaliwa bado yuko wima. Wa pili ni yule dada aliyeanza kujali mwili wake, atembeaye kwa haraka pamoja na wenziwe ufukweni Mama Ngina, au binti wa shule akimbiaye mashindanoni, na angependa kwenda mbali zaidi bila kuhema. Wote wawili wanauliza swali moja: je, iko mimea ambayo kwa hakika hupunguza uchovu? Swali hili ni la haki na linastahiki jibu la haki, lisilodharau dawa za wazee wetu wala lisilomsadiki kila mwenye kupiga mbiu.

Uchovu si aibu

Tuanze na adabu ya jambo lenyewe. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Bibi Fatima (R.A.), binti wa Mtume (S.A.W.), alilalamikia taabu aliyokuwa akiipata mikononi kwa kusaga nafaka kwa jiwe, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamweleza Bibi Aisha (R.A.). Usiku Mtume akawaendea yeye na Sayyidna Ali (R.A.), akawafundisha wanapolala wamsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, wamhimidi mara 33 na wamkabiri mara 34, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Wengi wetu tunaijua tasbihi hiyo. Tunachosahau ni mwanzo wa kisa: bora wa wanawake alichoka, akasema kuwa amechoka, na hakuna aliyemkemea kwa kusema hivyo. Basi mama asemaye "nimechoka" asiambiwe kuwa ni mvivu wala kuwa imani yake ni dhaifu. Asikizwe kwanza. Dhikri ni nguvu ya moyo, na dini hiyo hiyo iliyotufundisha dhikri imetuamrisha pia kutafuta tiba.

Dini hiyo hiyo imeweka mpaka kwa wanaojitia utabibu. Katika hadithi iliyomo kwenye Sunan ya Abu Daud tunafunzwa kuwa mwenye kutibu watu ilhali hajulikani kwa elimu ya utabibu, dhamana ya madhara iko juu yake. Na katika miji ya Kiislamu ya zamani palikuwa na afisa aitwaye muhtasibu, ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukagua maduka ya waatari na wauza dawa ili wasichanganye dawa njema na takataka. Al-Shayzari, aliyeishi karne ya 12, aliandika kitabu kizima cha kazi ya muhtasibu, na ndani yake akaeleza hila za wauza dawa wa zama zake na namna ya kuzifichua. Udanganyifu katika mitishamba, basi, haukuanza leo, na kuuchunguza ni katika mambo ambayo waliotutangulia waliyahesabu kuwa ni ibada.

Mwili huchoka vipi?

Kuna uchovu wa kazi, ambapo misuli imetumia akiba yake ya sukari, imepoteza maji na chumvi kwa jasho, na inahitaji chakula, maji na mapumziko. Kuna uchovu wa usingizi, ambapo ubongo wenyewe unadai haki yake. Katika saa zote tulizo macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kutuletea uzito wa macho, nayo haiondoki ila kwa kulala. Kuna uchovu wa huzuni na mawazo. Na kuna uchovu wa maradhi, ambapo damu, sukari, tezi ya shingo, moyo au figo ina hitilafu, na uchovu ni mjumbe tu aliyetumwa na ugonjwa.

Unga mmoja hauwezi kuwa dawa ya mambo manne yasiyofanana. Mwenye kuuza kitu kimoja kwa uchovu wa kila namna hajauliza wewe umechokaje.

Mimea ambayo imepimwa

Tuanze na ule ulio karibu nasi kuliko yote: kahawa. Watu wa tarika huko Yemeni, katika karne ya 15, waliinywa ili wawe macho katika dhikri za usiku. Ilipofika Makka ilizusha mjadala mkubwa hata ikapigwa marufuku mwaka 1511, kisha marufuku hiyo ikaondolewa. Leo muuza kahawa tungu wa Mji wa Kale, na dele lake juu ya makaa, anauza dondoo la mmea ambalo limethibitishwa kupunguza uchovu kuliko takriban mimea mingine yote. Kafeini iliyomo huzuia ile adenosini isishike mahali pake ubongoni. Wataalamu wa michezo wamekuta kuwa kiasi cha miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, kikinywewa kama saa moja kabla ya mazoezi, humsaidia mtu kukimbia au kuendesha baiskeli kwa muda mrefu zaidi. Kwa mtu wa kilo 60, kiwango cha chini ni kama vikombe viwili vya kawaida vya kahawa iliyokolea.

Hata hivyo, kahawa haitoi nguvu mpya. Huuficha uchovu kwa saa chache. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo anayeinywa baada ya isha hujinyima usingizi na kesho huamka na deni. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula imeshauri mtu mzima asipite miligramu 400 kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha asipite 200. Chai nayo ina kafeini na iingie katika hesabu hiyo. Na kwa kuwa anayeiacha ghafla huumwa na kichwa, mwenye mazoea ya vikombe vingi afadhali aanze kupunguza katika Shaaban, asije akazipoteza siku za mwanzo za Ramadhani kwa maumivu.

Wa pili ni bitiruti, ile mizizi myekundu tunayoikuta sokoni kila wiki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwapa vijana wanane nusu lita ya maji ya bitiruti kila siku kwa siku sita. Walipowapima kwenye baiskeli, waliona kuwa wanatumia oksijeni kidogo zaidi kwa kazi ile ile, na walistahimili mazoezi makali kwa muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 16. Sababu ni naitrati, ambayo bakteria wa mdomoni huigeuza, kisha mwili huitumia kutengeneza gesi inayopanua mishipa ya damu. Ndiyo maana anayesukutua kwa dawa kali ya kuua bakteria wa mdomoni huikosa faida hiyo. Utafiti wa wanane ni mdogo, lakini zimefuata tafiti nyingi nyingine. Nazo zimeonyesha kuwa faida ipo kwa watu wa kawaida, na hupungua kwa wanariadha wa daraja la juu. Mboga za majani kama mchicha zina naitrati pia. Atakayekunywa bitiruti asishtuke mkojo ukiwa mwekundu. Mwenye mawe ya figo aulize daktari kwanza, kwa kuwa bitiruti na mchicha vina oksalati kwa wingi.

Wa tatu ni tangawizi. Mwaka 2010 huko Marekani ulitolewa utafiti ambamo watu walikula gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, na maumivu ya misuli baada ya mazoezi mazito yakapungua kwa takriban robo. Tangawizi haikuwaongezea nguvu. Iliwapunguzia maumivu ya baadaye. Ni faida ndogo lakini ya kweli, nayo tayari imo ndani ya chai yetu.

Mimea yenye sifa kubwa kuliko ushahidi

Jinsengi hutoka Korea na Uchina, na iko aina nyingine ya Amerika. Hii ya Amerika ilipimwa kwa wagonjwa 364 wa saratani nchini Marekani, na matokeo yalipotolewa mwaka 2013 ilionekana kuwa miligramu 2,000 kwa siku, kwa wiki nane, ziliwapunguzia uchovu kuliko vidonge visivyo na dawa. Hilo ni jema. Lakini kwa mtu mwenye afya anayetaka kukimbia zaidi, matokeo ya jinsengi yamekuwa yakipingana: utafiti huu unasema ndiyo, ule unasema la. Jambo lililo wazi ni kuwa jinsengi ya Amerika inaweza kuidhoofisha warfarini, dawa wanayopewa wagonjwa ili damu isigande.

Rodiola ni mmea wa milima ya baridi na wa Siberia. Wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti waliuchunguza kwa ajili ya askari na wafanyakazi wao, na ni kwao lilipoanza neno "adaptojeni" mwaka 1947, yaani kitu kinachousaidia mwili kuhimili mashaka. Neno hilo sasa limeandikwa kwenye chupa nyingi. Ni neno la kupendeza, lakini si cheti cha kuwa dawa imepimwa.

Ashwagandha ni ya waganga wa Bara Hindi tangu kale, na huenda bibi zetu wenye asili ya huko wanaijua. Tafiti kadhaa ndogo zimeonyesha kuwa waliotumia mzizi wake kwa wiki kadhaa walipata nafuu ya wasiwasi na usingizi, na wengine waliongeza uwezo wa kuhimili mazoezi. Lakini pia kumeripotiwa katika nchi mbalimbali watu walioharibika ini baada ya kuitumia, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Mjamzito asiiguse kabisa. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo na mwenye ugonjwa wa ini asiitumie bila ya daktari.

Habbat sauda tunaipenda kwa sababu ya hadithi yake mashuhuri, na hakuna Mwislamu anayeitilia shaka kauli ya Mtume wake. Tujue tu kwamba wanazuoni walioisherehesha, kama al-Khattabi, walieleza kuwa tamko la jumla linaweza kukusudiwa maradhi makhususi. Kuiamini habbat sauda hakumaanishi kuacha kupima damu. Anayetumia dawa za kisukari au za presha amjulishe daktari wake, kwa kuwa habbat sauda inaweza kushusha sukari na presha zaidi ya ilivyokusudiwa.

Na mlonge je? Majani yake ni mboga njema yenye lishe, na anayeyapika pamoja na nazi anakula chakula kizuri. Mlonge ni chakula. Anayeuuza kama muujiza anauongezea bei tu.

Mimea ya hatari

Msemo wa kuwa "kitu cha asili hakidhuru" si wa kweli, na wazee wetu wanaojua miti ndio wa kwanza kuukataa. Efedra ni mmea wa kale wa Uchina. Miaka ya 1990 uliuzwa sana Marekani katika vidonge vya kupunguza mwili na kuongeza nguvu za michezo. Mwezi wa Februari mwaka 2003 Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa umri wa miaka 23, alifariki kwa kuzidiwa na joto mazoezini baada ya kutumia vidonge vyenye mmea huo. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilipiga marufuku vidonge vya efedra. Ulikuwa mmea halisi, tena wa asili.

Kwetu kuna miraa. Wanaoitumia husema inaondoa uchovu, na dereva wa usiku huapa kwayo. Kathinoni iliyomo huuchochea moyo na ubongo kama farasi apigwaye mjeledi: huenda mbio, lakini kwa nguvu alizokuwa nazo tayari. Usingizi hukatika, hamu ya kula hupotea, presha hupanda, na fedha ya nyumba hutoweka. Mama anayenyonyesha ajue kuwa kinachoingia mwilini mwake kinaweza kumfikia mtoto kwa maziwa.

Hatari nyingine ni ile isiyoandikwa kwenye kifuko. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta ndani ya bidhaa ziitwazo za mitishamba dawa za hospitali zilizosagwa na kuchanganywa kwa siri. Katika unga wa "nguvu" hukutwa dawa za nguvu za kiume. Katika unga wa kupunguza mwili hukutwa sibutramini, iliyoondolewa sokoni kwa kuhatarisha moyo. Katika unga wa viungo na maumivu hukutwa dawa za jamii ya steroidi. Hizi za mwisho humfanya mtu ajihisi ana nguvu mpya ndani ya siku mbili, ndipo husifu mganga. Baada ya miezi uso hujaa na kuwa mviringo, sukari hupanda, mifupa hulegea, na akiziacha ghafla anaweza kuzimia. Ikiwa unga unafanya kazi kwa kasi ya ajabu, hiyo ni sababu ya kuuogopa.

Kwa mabinti wanaokimbia

Wazazi wenye watoto wanaoshiriki riadha wasome hapa kwa makini. Kenya ni taifa la wanariadha, na tangu sheria ya mwaka 2016 tuna wakala wa serikali wa kupambana na dawa za kusisimua misuli. Kanuni ya dunia katika jambo hili ni nzito: mwanariadha anawajibika kwa kila kilichokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Kusema "nilikunywa mitishamba ya nyanya" hakumwokoi. Iko kemikali iitwayo higenamini, inayopatikana katika baadhi ya mimea ya dawa, na imepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Kathinoni ya miraa nayo ni marufuku wakati wa mashindano. Kahawa imeruhusiwa, mipaka iliyokuwapo iliondolewa mwaka 2004. Basi binti yako ale vizuri, anywe maji, alale mapema, na kifuko kisicho na majina ya vilivyomo kisiingie katika mkoba wake.

Uchovu unaodai kipimo

Ndugu msomaji, ikiwa utasahau yote yaliyotangulia, hili lishike. Mwanamke anayechoka kila siku kwa wiki kadhaa, hata akilala vya kutosha, hahitaji unga kwanza. Anahitaji kipimo.

Sababu iliyo karibu zaidi kwa wanawake ni upungufu wa damu. Hedhi nzito, mimba zinazofuatana, malaria, minyoo ya safura na kichocho, vyote vipo Pwani na vyote huipunguza damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu ikiwa hemoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa desilita, na mjamzito chini ya 11, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati ya mimba. Kipimo huchukua dakika chache. Dalili ni kuhema akipanda ngazi, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, weupe wa viganja na wa ndani ya kope, na wakati mwingine hamu ya kutafuna udongo au barafu. Wangapi miongoni mwetu huona binti anakula udongo tukacheka, ilhali mwili wake unalilia madini ya chuma!

Jinsengi haina chuma cha kumtosha mtu huyo, wala rodiola, wala ashwagandha. Akinywa unga wenye kichocheo atajihisi vyema kwa muda, na ugonjwa utaendelea kukua kimya kimya. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya unga wa nguvu, hata ule ulio safi: unaweza kuchelewesha kuujua ukweli. Vivyo hivyo kwa kisukari, ambacho dalili zake ni kiu, kukojoa mara nyingi na kukonda pamoja na uchovu; na kwa tezi ya shingo iliyopungua kazi, ambayo huleta baridi, kufunga choo, kunenepa na uzito wa mwili mzima. Uchovu unaoambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi ukilala chali, miguu kuvimba, homa isiyokwisha au kutokwa damu nyingi usisubiri wiki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na uchovu wenye huzuni isiyoondoka, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, nao ni ugonjwa wenye tiba.

Kwa damu, chakula chetu kina msaada mkubwa. Maini, nyama, samaki na dagaa vina chuma kinachopokelewa na mwili kwa urahisi. Kunde, pojo, mchicha na majani mengine vina chuma pia, lakini mwili hukipokea kwa uzito, ila vikiliwa pamoja na limau, chungwa, embe au pera. Hapa kuna desturi yetu moja inayotuangusha: chai pamoja na chakula. Chai inayonywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma kinachoingia mwilini kutoka kwenye mboga na nafaka, na kahawa nayo hupunguza. Ipishe chai saa moja baada ya kula. Ni badiliko lisilogharimu hata shilingi moja, na huenda likamfaa binti yako kuliko chupa ya shilingi elfu mbili. Mjamzito asiache vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki, hata vikimbadilisha rangi ya choo kuwa nyeusi. Hilo si dhara.

Kabla ya kununua

Ikiwa bado wataka kununua dawa ya mitishamba, jiulize haya. Je, majina ya mimea yote yameandikwa, pamoja na kipimo chake? Je, iko anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kuisha, na idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu? Je, muuzaji amekuuliza kama una mimba, unanyonyesha, au unatumia dawa za presha, sukari au kifafa? Asiyeuliza hajali. Je, anadai kuwa unga wake unatibu kila kitu? Basi hautibu kitu. Usianze mimea miwili kwa wakati mmoja, kwani ukidhurika hutajua ni upi. Mweleze daktari kila unachokunywa, bila haya. Na ukiona macho au mkojo kuwa wa rangi ya manjano iliyokolea, ngozi kuwasha au moyo kupapatika, acha mara moja na uende hospitali pamoja na kifuko chenyewe.

Neno kwa watu wa nyumba

Limebaki jambo moja ambalo hakuna mmea unaolitibu. Mama mwenye afya timamu anayefanya kazi ya watu watatu atachoka, na itakuwa haki yake kuchoka. Tukimpa unga ili aendelee kufanya kazi ya watu watatu, hatujamtibu, tumemwongezea mzigo. Alipoulizwa Bibi Aisha (R.A.) Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Basi baba mwenye nyumba asione tabu kumwogesha mtoto, na kijana wa kiume asione aibu kuosha sufuria. Mpeni mama usingizi wa kailula, hata nusu saa baada ya adhuhuri, na msimwamshe kuuliza chumvi iko wapi.

Na mama naye, akiwa hana ugonjwa, atembee. Dakika thelathini za kutembea kwa haraka siku tano za wiki, akianza kidogo kidogo, humpunguzia uchovu baada ya wiki chache, kwa kuwa moyo na misuli hujifunza kufanya kazi kwa gharama ndogo. Kikombe cha kahawa kabla ya kutoka kinaruhusiwa. Bitiruti mezani inaruhusiwa. Tangawizi ndani ya chai inaruhusiwa, mradi chai yenyewe isubiri saa moja baada ya chakula.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awape afya kina mama wetu, awaponye wagonjwa wetu, awaongoze wauzaji wetu katika uaminifu, na atujaalie tuwe wepesi wa kuwasaidia wale wanaochoka kwa ajili yetu. Amin.